Mfulani hajui Kifulani wala hana ng'ombe, ni Mfulani kweli?

Swali limetoka kwa dada mmoja Msukuma wa Magu anayefanya kazi Dar, nimelifupisha kidogo maana dada ana maneno huyu:

"Ofisini tuna wageni wawili, mmoja wa Kano, Nigeria, mwingine wa Ngaoundéré, Kameruni, na wote wanasema ni Wafulani. Huyu wa Kameruni akipiga simu kwao anaongea Kifulani mwanzo mwisho. Wa Kano hajui hata kuhesabu mpaka kumi, anaongea Kihausa, na ng'ombe anamjua akiwa kwenye sahani. Nikamtania, akasema babu zake ndio waliotawala Kano. Sasa mwalimu, inakuaje walioshinda vita ndio wameze lugha ya walioshindwa? Na huyo bado ni Mfulani au ni jina tu? Inaniuma na mimi maana wanangu Kisukuma hawajui."

Haya dada yangu, kwanza nikutoe wasiwasi, jamaa wa Kano hajakudanganya. Wako wengi kama yeye, Kano, Katsina, Zaria, hata Sokoto kwenyewe, mtu anakutajia ukoo wake wa Kifulani vizazi saba nyuma alafu ukimsalimia kwa Kifulani anakuangalia kama umemsalimia Kichina. Mimi nafundisha historia ya Afrika Magharibi huu mwaka wa kumi na kitu, nimekaa Zaria, nimekaa Yola, na hilo swali lako hata wao wenyewe wanabishana nalo usiku mpaka chai inapoa. Jibu langu ni kwamba lugha yao ilipotea kwa sababu walishinda. Wangeshindwa, wengi wangekuwa bado porini na ng'ombe wao na Kifulani chao.

Ngoja nieleze maana ukiisoma hivo inakaa kama fumbo.

Wafulani wametapakaa toka Senegali mpaka Sudan, na makadirio mengi yanasema wamepita milioni 25. Wenyewe hawajiiti Wafulani, hilo jina limetoka kwa Wahausa, wao mmoja ni Pullo na wengi ni Fulɓe. Ukienda Sudan utasikia Fellata, Wafaransa wanasema Peul. Lugha nayo Nigeria na Kameruni ni Fulfulde, Gine ni Pular, Senegali ni Pulaar, mimi ntasema Kifulani tu tusichoshane. Na toka zamani wako wa namna mbili, wa ng'ombe wanaohama na mifugo, na wa mji ambao Wahausa wanawaita Fulanin gida, yaani Wafulani wa nyumbani. Hao wa mjini hawajaanza jana wala hawakuletwa na mkoloni. Walikuwa waalimu wa dini, makadhi, waandishi, watu wa vitabu, na wengine walishaachana na ng'ombe miaka mingi kabla ya vita unayoisikia.

Vita yenyewe ni jihadi ya 1804. Kulikuwa na mwanachuoni anaitwa Usman dan Fodio, wao wanamwita Shehu, amezaliwa 1754 nchi ya Gobir, kaskazini magharibi ya Nigeria ya leo. Akagombana na mfalme wa Gobir, akahama na wafuasi wake kutoka Degel kwenda Gudu, vita ikawaka, na kufikia 1808 mji mkuu wa Gobir, Alkalawa, ulikuwa chini. Miji ya Kihausa ikaanguka mmoja baada ya mwingine, Kano emir (mtawala wa Kiislamu) wa kwanza Mfulani alikalia kiti 1807, na mtoto wa Shehu, Muhammad Bello, akajenga Sokoto 1809 ikawa makao makuu ya moja ya dola kubwa kabisa za Afrika ya karne ile.

Sasa tazama hao washindi walikuta nini. Kano haikuwa kijiji. Kulikuwa na soko la kutisha, mafundi wa ngozi, mashimo ya kutia nguo rangi ya nili, misafara ya ngamia inayovuka jangwa kwenda Tripoli, maofisa wa kodi, ikulu yenye vyeo vyake vya zamani, na yote hayo yalikuwa yanaenda kwa Kihausa toka zama za zama. Wafulani walioingia walikuwa wachache, kama chumvi kwenye sufuria la uji. Utakusanyaje kodi kwa lugha ambayo mlipakodi haielewi, utahukumuje kesi ya shamba mashahidi wote Wahausa? Shehu mwenyewe alilijua hilo mapema, alikuwa anahubiri kwa Kifulani na kwa Kihausa. Binti yake Nana Asma'u (1793 mpaka 1864, huyu mama nikianza kumuongelea hatutamaliza leo) alitunga kwa Kiarabu, kwa Kifulani na kwa Kihausa, na Kihausa alikihitaji kwa sababu alikuwa anafundisha wanawake wa vijijini, na wengi wa wale hawakujua kingine.

Lakini mimi siamini kama ni kodi na mahakama vilivyoimaliza lugha. Mtu anaweza kuongea lugha moja kazini na nyingine nyumbani maisha yake yote, nyinyi Wasukuma mnalijua hilo vizuri. Lugha iliisha jikoni.

Mfulani wa porini anaoa binti wa ukoo wake, mara nyingi binamu kabisa, kwa hiyo mama anaongea Kifulani, bibi anaongea Kifulani, mtoto hana pa kukwepea. Mfulani aliyeshinda akawa bwana mkubwa mjini, akaoa binti wa Kihausa wa familia yenye jina ili watu wamkubali, na juu ya hapo akaweka masuria waliotekwa vitani, na nyumba ikajaa watumwa wa kupika, kuchota maji, kulea. Mtoto wa bwana akaamka asubuhi anamsikia mama Kihausa, yaya Kihausa, wenzake wa kucheza Kihausa, Kifulani anakisikia kwa baba akiwa sebuleni na wazee wenzake. Kizazi cha kwanza kinaelewa na kujibu, cha pili kinaelewa tu, cha tatu kinajua salamu na matusi. Na kwa sheria ya dini mtoto wa suria ni halali kama mtoto wa mke, anarithi, anaweza kuwa emir, kwa hiyo hata kwenye kiti chenyewe walikaa watu ambao mama zao hawakuwa Wafulani. Hilo sio siri, lipo kwenye nasaba zao.

Alafu kuna habari ya maziwa, na hapa ndipo watu wengi wanaoandika kuhusu Wafulani wanapita mbio. Kwa Mfulani wa ng'ombe, ng'ombe ni wa mwanaume ila maziwa ni ya mwanamke. Mke anakamuliwa sehemu yake, anagandisha, anatengeneza mtindi na samli, anabeba kibuyu kichwani anakwenda sokoni kuuza au kubadilisha na nafaka, na hela ile ni yake. Wahausa wenyewe chakula chao cha mchana kwa wengi ni fura da nono, madonge ya uwele yaliyokorogwa kwenye maziwa mgando, na nono inatoka kwa mama wa Kifulani. Sasa mwanamke huyo akihamia mjini akiwa mke wa bwana mkubwa, anawekwa utawani, haonekani sokoni, kibuyu kinatundikwa ukutani kiwe pambo. Amepoteza kipato, amepoteza sababu ya kwenda kule ambako ng'ombe wapo, na maneno yote ya kazi ile yanakosa wa kuyasema. Nilikuta nyumba moja Zaria vibuyu vimepangwa ukutani vizuri kabisa, vimechorwa, nikamuuliza mama mwenye nyumba kila kimoja ni cha nini, akacheka akasema hivi ni vya bibi wa mume wangu, mimi najua kuvifuta vumbi tu.

Ukitaka uthibitisho kwamba ni ushindi na sio kitu kingine, linganisha miji ambayo wale wale Wafulani, jihadi ile ile, bendera ile ile ya Sokoto (kupewa bendera ndiyo ilikuwa idhini ya kupigana jihadi), walikwenda wakatawala. Kano, ukoo wa emir leo unaongea Kihausa. Bida, nchi ya Wanupe, unaongea Kinupe, na Masaba, mmoja wa watawala wao wakubwa karne ya 19, mama yake alikuwa Mnupe na huko kwa mama ndiko alikolelewa. Ilorin, walikoshika utawala miaka ya 1820 kwenye nchi ya Wayoruba, leo ukoo wa Kifulani unaongea Kiyoruba, na Mfulani wa Ilorin ukimkuta Lagos huwezi kumtofautisha mpaka akutajie nasaba. Watu wa asili moja, lugha tatu, na kila mmoja kachukua ya aliowakuta.

Ila njoo Yola sasa. Modibbo Adama alipewa bendera na Shehu, akapigana upande wa mashariki, akaweka makao Yola 1841, na nchi yote mpaka ndani ya Kameruni, Garoua, Maroua, Ngaoundéré, ikaitwa Adamawa kwa jina lake. Huko Kifulani hakikufa, kikawa lugha ya soko ya watu wote. Walikuwa wakali zaidi? Hapana, huko hakukuwa na lugha moja kubwa ya kuwameza. Kulikuwa na Wabata, Wachamba, Wambum, Waverre na wengine kibao, kila bonde lugha yake, kwa hiyo mtu wa bonde hili akikutana na mtu wa bonde lile sokoni walihitaji lugha ya kati na ya mtawala ndiyo ilikuwepo. Mambo yakageuka, wenyeji ndio wakaanza kumezwa, mtu anasilimu, anavaa kanzu, anajifunza Kifulani, anahamia mjini, na wajukuu zake wanaitwa Wafulani na wala hakuna wa kuuliza. Kwa hiyo huyo wa Ngaoundéré kuongea lugha vizuri, pongezi nyingi ziende kwa jiografia. (Na hata huko Kihausa kinakuja kwa kasi sa hivi, Gombe na Yola mjini watoto wengi wanaanza na Kihausa, wazee wanalalamika.)

Wewe uliyekaa Dar, hili ulishaliona dada ila labda hukuliita hivo. Sayyid Said alihamishia makao yake Zanzibar karne hiyo hiyo ya 19, Waarabu wa Oman ndio mabwana, ikulu yao, mashamba ya karafuu yao. Wajukuu wakaongea nini? Kiswahili. Yaya alikuwa Mswahili, suria alikuwa Mnyasa au Mzaramo, na sokoni ni Kiswahili. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi wakarudi Oman, na mpaka leo Muscat ukipanda teksi unaweza kumkuta dereva Muomani wa damu anaongea Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Hakuna anayemwambia sio Mwarabu, ingawa huko nako waliwaita Wazanzibari, ndo dunia.

Mwingine atasema basi ni kule kukaa mahali pamoja ndiko kulikoua, wangeendelea kuhama wangebaki na mila zao. Sio hivo kabisa. Futa Jallon, milima ya Gine, Wafulani walishika dola karne ya 18, wakatulia, wakajenga misikiti, wakalima (tuseme ukweli, waliolima hasa ni watumwa waliowekwa vijiji vyao maalum), wakakaa hapo mpaka Wafaransa walipowashinda Porédaka 1896, na mpaka leo Labé na Timbo ni Kifulani kutwa kucha. Walikuwa wengi na mila ya kuandika ilikuwa kwa lugha yao. Kuna mwanachuoni wao, Samba Mombeya, karne ya 19 aliamua kutunga elimu ya dini kwa Kifulani kwa herufi za Kiarabu, akaeleza wazi kwamba mtu anaelewa vizuri zaidi akisomeshwa kwa lugha yake. Kama hapa kwetu Waarusha, wanalima migomba Meru karne na zaidi na Kimaa chao kipo pale pale. Jembe peke yake haliui lugha.

Na kuna waliopoteza bila kushinda chochote. Wasulu, kusini mwa Mali kuelekea Gine, watu wanaitwa Diallo, Diakité, Sidibé, Sangaré, majina manne hayo ni ya Kifulani, na wanaongea Kibambara karne kadhaa sasa. Oumou Sangaré, yule mwimbaji maarufu, jina lake ndilo hilo, familia ya Wasulu, na anaimba kwa lugha ya huko, sio Kifulani. Waulize Wasulu watakwambia sisi ni Wafulani, bila kupepesa. Waliingia kidogo kidogo katikati ya Wamande (Wabambara na ndugu zao), wakaoana, lugha ikaondoka jina likabaki. Sudan nako, Sultan Attahiru wa Sokoto aliuawa na Waingereza Burmi mwaka 1903, watu wake wakaendelea na safari ya mashariki, mtoto wake Mai Wurno akatulia na kundi lake Blue Nile karibu na Sennar, mji upo mpaka leo unaitwa Maiurno. Huko Kiarabu na Kihausa vimekula sehemu kubwa, ingawa Wafellata wa ng'ombe bado wana lugha yao.

Haya, ukiondoa lugha na ng'ombe kinabaki nini? Wao watakwambia pulaaku. Neno hili watu wanalitafsiri "Ufulani" wakaishia hapo, ila ni mwenendo, namna ya kujibeba. Ina nguzo zake, wengi watakutajia munyal, yaani subira na kustahimili, semteende, yaani haya, kujizuia mbele za watu, na hakkiilo, busara, akili ya kujali unachofanya (hili ni la Kiarabu, ndugu yake ni akili yetu sisi). Mfulani wa kweli haonyeshi njaa, haonyeshi maumivu, hali mbele ya wakwe. Wana methali, munyal defan hayre, subira inapika jiwe likaiva. Na vijana baadhi ya koo walikuwa wanapimwa kwa soro, Wahausa wanaita sharo, unasimama unachapwa fimbo kifuani na kijana wa ukoo mwingine, ukikunja uso umeaibisha kwenu, ndugu wanakutazama, mchumba anakutazama.

Soro mjini haipo, masheikh walishaipiga vita na mama wa mjini hataki kusikia mtoto wake anachapwa. Subira na haya zimebaki ila zimebadilika sura. Watu wa Kano nao wana kunya yao, haya ya Kihausa, mzazi kutomtaja mtoto wa kwanza kwa jina na mambo kama hayo, yanafanana mno na ya Kifulani, kiasi kwamba Mfulani wa mjini hakuona kama ameacha kitu, aliona anaendelea na heshima ile ile kwa lugha nyingine. Hapo ndipo ugumu wa hili somo ulipo, kitu kikifanana sana na cha jirani hujui lini uliazima. Mimi maoni yangu pulaaku ya mjini imekuwa zaidi alama ya daraja, yaani "sisi watu wa ukoo hatufanyi hivo", wakati ya porini ni mbinu ya kuishi, maana ukiwa na ng'ombe mia kwenye ukame bila subira umekufa.

Kwenye lugha yenyewe nikwambie kitu utakipenda. Kifulani kina ngeli kama sisi, tena zimezidi 20, isipokuwa wao wanaweka mwishoni mwa neno na herufi ya mwanzo nayo inabadilika. Pullo mmoja, Fulɓe wengi. Gorko mwanaume, worɓe wanaume. Debbo mwanamke, rewɓe wanawake. Ng'ombe ana ngeli ambayo ni kama yake mwenyewe, nagge, na aliyekaa naye humo ni jua, naange, ebu fikiria hilo. Hesabu zao tatu ni tati, nne ni nayi, umeshaisikia undugu na tatu na nne zetu, na sita wanasema jowego, yaani tano na moja. Sasa lugha ikianza kuondoka, hizi ngeli ndo zinatangulia. Kifulani cha sokoni Kameruni kimeshazipunguza sana, mabadiliko ya herufi za mwanzo watu wanaachia, kama mtoto wa Nairobi anavyosema kitabu yangu, viatu yangu. Mzee wa porini akisikia anashika kichwa. Alafu yanafuata majina ya rangi za ng'ombe na pembe na mabaka, makumi ya majina, anayeyajua ni anayemtafuta ng'ombe wake kwenye kundi la watu wengine jioni.

Hapo nimeongelea waliotulia wakiwa mabwana. Wapo waliotulia wakiwa maskini na hawa sa hivi ndio wengi wanaoongezeka. Sotoka ya miaka ya 1890, ile ile iliyowamaliza Wamasai ng'ombe, ilipita mpaka Afrika Magharibi ikaacha watu mikono mitupu. Ukame wa Saheli 1968 mpaka 1973 na tena 1983 na 1984 ukarudia. Mfulani aliyebaki na ng'ombe watatu hawezi kuhama nao, hawatoshi, anauza, anakuwa mlinzi wa usiku mjini au mchungaji wa ng'ombe za tajiri wa Kihausa kwa mshahara, mtoto anaingia shule inayofundisha kwa Kihausa. Mkoloni Mwingereza alishachagua Kihausa kuwa lugha ya utawala na jeshi kaskazini, gazeti la Gaskiya Ta Fi Kwabo toka 1939 ni Kihausa, redio Kihausa, kwa hiyo hata aliyeponea kwenye kasri la emir akanaswa na serikali. Nigeria waliunda tume ya elimu ya wafugaji wanaohama 1989, nia nzuri, na imefungua shule nyingi tu. Alafu ardhi, Benue walipiga marufuku uchungaji wa kuhama kwa sheria ya 2017, na majimbo mengine yakafuata, kwa hiyo kutulia sasa kwa wengine ni amri.

Na kuna jambo la uchungu zaidi. Magazeti ya Nigeria yanapenda neno Hausa-Fulani, kama vile ni kabila moja, na kwa miaka mingi wa mjini walilipenda, linawapa wingi wa kura. Sasa Zamfara na Katsina vita ya majambazi na wanamgambo imelipasua hilo neno katikati, kijijini Mhausa na Mfulani waliooleana vizazi wanaogopana, na Mfulani wa Kano mwenye suti, asiyejua neno moja, anajikuta anaulizwa "nyinyi Wafulani mnataka nini?" kwa Kihausa, lugha yake ya mama. Wengine hapo ndo wanaanza kutafuta kujifunza Kifulani. Wengine ndo wanaanza kusema sisi ni Wahausa bwana.

Kujifunza kupo siku hizi. Kule Gine mwaka 1989 mji wa Nzérékoré watoto wawili ndugu, Ibrahima na Abdoulaye Barry, walijifungia chumbani wakabuni alfabeti ya Kifulani, wanaiita Adlam, ikasambaa kwa waalimu wa mitaani na wafanyabiashara mpaka 2016 ikaingia kwenye mfumo wa kompyuta wa kimataifa, sasa mtu wa New York anamwandikia meseji mama yake Labé kwa herufi hizo. Kipo na chama cha Wafulani wa nchi nyingi, Tabital Pulaaku. Mimi hiyo alfabeti naipenda, ila nimeona ni ya watu ambao lugha wanayo tayari. Kwa Kano anayejifunza ukubwani anaishia salamu, nyimbo na methali mbili za harusini, sio kosa lake, hana bibi wa kumsahihisha.

Kuhusu wanao, sikufichi, ukiwaongelesha Kisukuma wewe peke yako Dar hawatakishika vizuri. Mlete mama yako akae nao miaka miwili mitatu, au wapeleke Magu likizo zote wakachunge. Nadhani umeshaona kwa nini nasema hivo.

Sasa turudi kwa hao jamaa zako wawili na swali la nani Mfulani kweli. Hata wale wa mwanzo walikuwa mchanganyiko. Ukoo wa Shehu ni Torodɓe, watu wa Futa Toro, Senegali, na Torodɓe walikuwa kundi la wanadini waliokusanyika kutoka makabila mbalimbali, jina lenyewe wengi wanalifungamanisha na kuomba sadaka. Kano ukoo unaotawala toka Ibrahim Dabo, 1819, ni Sullubawa, na Sullubawa wanasemwa kuwa na asili ya Kimande ndani yao. Kwa hiyo jamaa wa Kano asiyejua kuhesabu anaweza kukutajia babu kwa babu mpaka vitani, na huyu wa Ngaoundéré anayeongea kama maji, kuna uwezekano mzuri tu babu wa babu yake alikuwa Mbum aliyetekwa au aliyesilimu. Wa Kano muulize ukoo wake hata mbele za watu, atafurahi, atakuchosha. Wa Ngaoundéré usimuulize hivo mezani na wenzenu wote wapo, kule habari ya nani alikuwa dimo, muungwana, na nani alikuwa maccudo, mtumwa, bado inauma mpaka kwenye posa. Msalimie tu "jam bandu na?", mwili mzima? Atakujibu "jam koo ɗume", na wa Kano naye ataitikia, hiyo moja hata yeye anaijua.